Kitabu kwa Mkataba: Jinsi Benki Ilivyoupeleka Ubepari Darasani

Kwa msomaji wa Kiswahili, "maadili ya ubepari" ni maneno yasiyokaa chumba kimoja. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare mwaka 1969, mfanyabiashara wa Venisi aligeuka kuwa Mabepari wa Venisi, na kwenye majukwaa ya enzi hizo bepari alikuwa kupe mwenye mirija. Cha ajabu, hata Marekani alitokea mwenye benki aliyeona kwamba ubepari unashinda kwenye hesabu na kushindwa kwenye maadili. Namna alivyojaribu kuliziba pengo hilo vyuoni ina funzo kwa yeyote mwenye hoja ya kunadi.

Mtu huyo ni John Allison, aliyeiongoza benki ya BB&T ya North Carolina tangu 1989 hadi 2008. Utambuzi wake ulikuwa huu: wachumi wanaolitetea soko husema linazalisha mali nyingi, lakini mwanafunzi akiuliza kama kutafuta faida ni jambo jema, wanatafuna maneno. Jibu Allison alilikuta kwa Ayn Rand, mzaliwa wa St. Petersburg ambaye duka la dawa la baba yake lilitaifishwa na Wabolsheviki.

Katika riwaya yake ya 1957, Atlas Shrugged, yenye kurasa zaidi ya 1,000, mwenye kiwanda Hank Rearden anapandishwa kizimbani kwa kuuza chuma chake kinyume cha amri ya serikali. Anakataa kujitetea. Anasema anafanya kazi kwa faida yake na haoni haya. Ukumbi unampigia makofi. Majaji wanamtoza faini ya dola 5,000, kisha wanaisitisha. Hoja nzima imo humo: faida haihitaji kutetewa kwa kisingizio kwamba inausaidia umma; ni haki ya aliyeizalisha.

Allison aliipeleka hoja hiyo vyuoni kupitia wakfu wa hisani wa benki, uliotoa ruzuku ambazo mara kadhaa zilifika dola milioni 1 kwa chuo kimoja. Zililipia kozi, mihadhara na nafasi za maprofesa, na mwaka 2005 ziliwezesha kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti wa ubepari katika Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina. Katika vyuo kadhaa mkataba ulitaka Atlas Shrugged iwe kitabu cha lazima. Kiufundi, lilikuwa wazo la mtu mjanja. Mhadhara wa mgeni huisha jioni ileile. Kozi hurudi kila muhula, ina mtihani na ina alama.

Mpango ulikwama kwenye sharti hilo la kitabu cha lazima. Mwaka 2006 Meredith College ya Raleigh ilizikataa dola 420,000. Katika Chuo Kikuu cha Western Carolina wahadhiri walikuja juu, na mkataba ukaandikwa upya. Ugomvi haukuwa juu ya riwaya yenyewe, maana mhadhiri yeyote angeweza kuiweka kwenye kozi yake kesho asubuhi. Swali lilikuwa nani ameichagua.

Watetezi wa mpango walijibu kwamba hakuna aliyeshikiwa bunduki. Chuo kilikuwa huru kukataa, na Meredith ilikataa. Jibu hilo lina uzito, ila tulipime kwa mizani ya Rand mwenyewe. Kwake, biashara ya haki ni watu kubadilishana kilicho chao kwa hiari. Uamuzi wa kitabu kipi kisomwe ni wa mhadhiri. Uongozi uliousaini kwa dola milioni uliuza mali ya mtu mwingine. Allison alipaswa kuliona hilo mapema kuliko wote: mwaka 2006 benki yake ilitangaza kutowakopesha wajenzi wanaojenga miradi binafsi juu ya ardhi ambayo serikali imewanyang'anya raia. Kanuni ileile iliishia nje ya geti la chuo.

Waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaijua mbinu hii kutoka upande wa pili. Serikali ya Ujamaa nayo iliweka kozi ya lazima, ile DS (Development Studies), na wengi waliikariri ili wafaulu tu.

Ipo njia nyingine. Mwaka 2011 Tom Palmer alihariri The Morality of Capitalism, mkusanyo wa makala fupi fupi, mojawapo ya Mkenya June Arunga. Vikundi vya wanafunzi vilikigawa kitabu hicho kwa wenzao: anayetaka asome, asiyetaka akiache mezani.

Nionavyo, hoja ya maadili huuzwa na anayeiamini, na mnunuzi lazima awe na ruhusa ya kuondoka mikono mitupu. Mwaka 2019 BB&T iliungana na SunTrust na jina lake likazikwa. Taasisi ya Clemson, iliyopata profesa wa kuisimamia kwa imani yake mwenyewe, imeendelea kufundisha.