Ustadi wa Kuruka Pamoja

Kundi la droni zinazojiendesha ni ndege ndogo nyingi zenye kazi moja, kila moja ikiwa na kompyuta, redio na vifaa vyake vya kujua ilipo, na hakuna rubani anayeziongoza moja moja. Lisichanganywe na maonyesho ya taa angani. Droni 1,218 za Intel zilizoonekana katika ufunguzi wa Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 zilipendeza sana, lakini kila moja ilifuata njia iliyokwisha kuchorwa. Hazikushauriana. Ufundi wenyewe huanza pale ambapo hakuna aliyeichora njia.

Mzizi wake uko katika kuwatazama ndege na samaki. Mwaka 1987 Mmarekani Craig Reynolds alionyesha kwamba ndege wa kuchorwa kwa kompyuta huruka kama kundi halisi wakipewa kanuni tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachwe na wenzako. Mwaka 1995 mwanafizikia wa Hungaria, Tamás Vicsek, pamoja na wenzake walirahisisha zaidi: kila mmoja achukue wastani wa mwelekeo wa majirani zake, tena kwa kukosea kidogo, na kundi zima litashika njia moja bila amri ya yeyote.

Kwenye kioo cha kompyuta hayo ni mepesi. Angani, GPS hukosea kwa mita kadhaa, ujumbe wa redio huchelewa au hupotea, na hakuna propela inayoweza kubadili mwendo papo hapo. Droni inayojirekebisha kwa habari iliyopitwa na wakati hulikwepa jambo ambalo halipo tena. Jirani yake huiona imeyumba, naye akayumba kwa kuchelewa vilevile. Mtikisiko mdogo hukua hadi droni zinagongana. Ndiyo maana kundi la Vicsek jijini Budapest lilipofanikiwa kurusha droni 10 nje ya maabara mwaka 2014, zikiwa hazina kituo cha kuziamuru, lilikuwa jambo la kustaajabisha. Mwaka 2018 Gábor Vásárhelyi, Vicsek na wenzao walifikisha 30.

Kiini cha mafanikio hayo ni busara ya breki. Tofauti ya mwendo kati ya droni na jirani yake hairuhusiwi kuzidi ile inayoweza kupunguzwa kabla nafasi iliyo kati yao haijaisha. Kadiri zinavyokaribiana, ndivyo zinavyolazimika kwenda sawa. Kanuni zao zilikuwa na vipimo 11 vya kurekebisha, na ukigusa kimoja unaharibu kingine, kwa hiyo mkono wa mtu haukutosha. Kompyuta ilijaribu seti nyingi za vipimo katika uigaji uliotiwa makusudi upepo, makosa na ucheleweshaji, ikazichanganya zilizofaulu, ikajaribu tena. Uzuri wa kazi hii uko hapo: kasoro za dunia hazikufichwa, ziliingizwa ndani ya hesabu.

Kuruka pamoja bado si kugawana kazi. Kwa hilo, mojawapo ya njia zilizo nadhifu ni mnada uliobuniwa na Han-Lim Choi, Luc Brunet na Jonathan How, ukachapishwa mwaka 2009. Kila droni hutaja dau kwa kazi inazoziweza, kisha dau hupita kutoka jirani hadi jirani. Iliyozidiwa huiachia kazi hiyo, pamoja na zote ilizozipanga baada yake, kwa kuwa hesabu za hizo zilitegemea ile ya kwanza. Hakuna dalali, na bado kundi hufikia makubaliano.

Kwa upande wa kuruka kwenyewe, mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walipitisha droni 10 za ukubwa wa kiganja katika msitu wa mianzi bila kutegemea GPS. Kila moja iliwatangazia wenzake njia iliyokusudia kuifuata, si mahali ilipo tu, na hivyo zikapishana kati ya mashina.

Mwanadamu hubaki na maamuzi yanayotangulia safari: mipaka ya eneo, kiasi cha betri cha kugeuzia nyumbani, na la kufanya mawasiliano yakikatika. Droni iliyokatikiwa redio inaweza kutua au kurudi, mradi wenzake wawe wanajua tangu mwanzo ni lipi kati ya hayo itakalofanya, ili waiachie njia.