Msomaji wa Nyanda za Juu na Utamu wa Riwaya ya Kitereza

Jina la Kumsenga lapatikana Kibondo na tena Kasulu, na huko kote lina majirani wa ukoo mmoja wa majina, kama Kumwambu na Kumnyika. Silabi ya mwanzo katika majina hayo si ile ya kitenzi, kama awezavyo kudhani mtu aliyezoea kusoma, kusema na kucheka. Ni alama ya mahali. Kiha huitanguliza mbele ya jina, na Kiswahili huweka -ni nyuma, kikasema mtoni, mlimani na shambani, na ku- ya mahali ikabaki katika maneno kama huku na kule. Mtoto aliyelelewa kwa Kiha aingiapo shule hukutana na tofauti za namna hii kila siku. Ni ndogo, wala hazimzuii kuelewa, lakini zamkumbusha kwamba lugha ya kitabu siyo ile aliyobembelezwa nayo. Kutokana na jambo hili dogo huzuka swali kubwa la uhakiki: kitabu cha Kiswahili kinaposifiwa kuwa kitamu, ni kitamu katika sikio la nani?

Swali hili halijapewa haki yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, haja kubwa ilikuwa kuwa na tahajia moja na vitabu vya shule vinavyofanana. Haja hiyo ilitimizwa vizuri. Lakini pamoja na kipimo cha usahihi, taratibu kilijengeka kipimo cha ladha. Mwandishi bora akawa ni yule aliyesikika vizuri katika sikio la mwambao, na msomaji wa bara akahesabiwa kuwa mwanafunzi anayejitahidi kulifikia sikio hilo. Yafaa ikumbukwe kwamba Waha wengi wa zamani walikipata Kiswahili kwa njia nyingine. Buha ilikuwa nchi iliyotoa vibarua kwa mashamba ya mkonge, na baada ya mwaka 1944 waliandikwa na kusafirishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba hayo. Wengi walifika Tanga. Katika miaka hiyo hiyo Shaaban Robert alikuwa karani katika ofisi za serikali za Tanga, akitunga maandishi yaliyokuja kuwa nguzo ya fasihi sanifu. Kiswahili kilichorudi Buha pamoja na vibarua kilikuwa cha kambi, cha zamu na cha posho. Kile cha Kusadikika na cha Adili na Nduguze kilifuata baadaye, kwa mkono wa mwalimu.

Utamu wa kusoma una pande mbili. Upande wa kwanza ni kugundua: msomaji hupelekwa asikokujua, akasikia neno jipya, akaona desturi asiyowahi kuiona. Upande wa pili ni kutambua: msomaji hukuta katika karatasi jambo alilokuwa akilijua siku zote bila kujua kwamba lastahili kuandikwa. Msomaji wa Tanga au wa Unguja amsomapo Shaaban Robert hupata sehemu kubwa ya utamu wa kutambua. Yule wa Kumsenga hupata zaidi utamu wa kugundua. Huo nao ni utamu wa kweli, wala haifai kuudharau. Lakini msomaji asiyepata ila huo peke yake huishi katika fasihi kama mgeni. Hukirimiwa, asiulizwe kamwe habari za kwao.

Hapa ndipo riwaya ya Aniceti Kitereza inapostahili kusomwa upya. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, katika ukoo wa watawala wa huko, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha hiyo. Baada ya miaka mingi aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ilitolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House katika juzuu mbili. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Basi Kiswahili kilikuwa mlango ambao riwaya hiyo ilitokea, na jambo hilo lina heshima yake na huzuni yake kwa pamoja.

Lawama inayotolewa juu ya kitabu hiki ni kwamba kinakwenda polepole. Kisa chenyewe chaweza kusimuliwa kwa sentensi chache: mume na mke hawajapata mtoto; wazazi wa mke wanamchukua binti yao; mume anakwenda ukweni kumwomba arudi, anatozwa pombe ya ndizi, anairudisha nyumba yake; mganga anatibu; watoto wanazaliwa na kukua; wazee wanakufa. Baina ya hatua hizo mwandishi hueleza kwa kituo jinsi watu wanavyoamkiana, jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi mkwe anavyoketi na anavyosema mbele ya wakweze, na jinsi dawa zinavyotumiwa. Msomaji anayetafuta tukio huona kwamba maelezo hayo yamsimamisha njiani.

Lakini na achukuliwe msomaji aliyekulia nyanda za juu za Kigoma, ambako ndizi hukamuliwa zikawa pombe na ambako mkwe haingii ukweni ovyo ovyo. Kwake safari ya Myombekere ya kwenda ukweni ndilo tukio lenyewe. Ajua kwamba salamu iliyokatizwa ni tusi. Ajua pia kwamba pombe ikidaiwa na wakwe, kilichopimwa ni unyenyekevu wa mume, na mitungi ni ushahidi wake tu. Anaposoma namna pombe ile inavyoandaliwa hatua kwa hatua, hungojea kwa wasiwasi kama wangojeavyo wengine mwisho wa vita katika utenzi: je, pombe itaiva? Je, itatosha? Je, watu wa ukweni wataikubali? Mwendo ambao mhakiki mmoja auita uzito, msomaji huyu auona kuwa ni adabu, na katika kisa hiki adabu ndiyo inayoamua kama nyumba itasimama au itavunjika.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kikerewe na Kiha si lugha moja, na mtu wa Kasulu hawezi kufika Ukerewe akafahamu kila neno. Hata hivyo ni ndugu katika kundi la lugha za Maziwa Makuu. Mkerewe husema omuntu, Muha husema umuntu, na Mswahili husema mtu. Irabu ile ya mwanzo, ambayo Kiswahili hakina, bado yasikika pande zote mbili za bara. Aidha, katika lugha hizi jina la mtu mara nyingi ni kauli kamili. Ntulanalwo na Bulihwali ni majina ya namna hiyo: la kwanza lasema kwamba mtu anaishi na kifo daima, na la pili lauliza huzuni itakwisha lini. Msomaji wa mwambao huambiwa maana hiyo, naye huipokea kama maelezo. Yule wa nyanda za juu, hata asipoifahamu maana mara moja, huhisi kwamba jina lasema jambo, akatafuta ni nani aliyelitamka na kwa uchungu gani. Hivyo husoma hadithi ya pili ndani ya hadithi ya kwanza.

Isidhaniwe kwamba kitabu hakina kasoro. Pana mahali mwandishi anapoeleza desturi kwa ajili ya mgeni hata wahusika wakasahauliwa kwa muda. Na katika kufasiri kuna kilichopotea: Kikerewe hutumia toni, Kiswahili hakitumii, na mlio wa mazungumzo ya 1945 hauwezi kupandishwa wote katika Kiswahili. Tena itakuwa kosa kuifanya bara yote kuwa kitu kimoja. Ziwa la Ukerewe si milima ya Buha, na mengi katika maisha ya wavuvi yatakuwa mageni kwa mkulima wa Kibondo. Lakini ugeni huo ni wa jirani, na jirani huulizwa kwa urahisi.

Mfano wa pili watoka kisiwa hicho hicho. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yalizusha ubishi mkali. Waliompinga walitetea urithi mkubwa na wa haki. Hata hivyo walisema mara nyingi kana kwamba sikio lisilodai kina ni sikio lisilofunzwa. Nyimbo na majisifu ya watu wa Maziwa Makuu hayakujengwa juu ya kina cha mwisho wa mstari. Hujengwa juu ya kurudia kauli, kulinganisha picha na kupanda na kushuka kwa sauti. Sikio lililolelewa hivyo limefunzwa, ila na mwalimu mwingine.

Jambo hili lina uzito nje ya vyumba vya wahakiki. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipunguza idadi ya wasiojua kusoma, kwa hesabu za serikali, hata ikafika asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 9.6 mwaka 1986. Vitabu vilivyotumika vilikuwa vya kisomo chenye manufaa: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi. Vilifundisha kazi, navyo vilistahili kufundisha. Lakini sensa ya 2002 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Sababu ni nyingi, na upungufu wa shule ni mojawapo. Lakini aliyefundishwa kusoma kisha asipate kitabu cha kumpendeza hana cha kumrudisha kwenye karatasi jioni, kazi ikiisha. Manufaa humfikisha mtu kwenye kitabu mara moja. Utamu ndio humrudisha.

Kwa hiyo yawapasa wahakiki wa Kiswahili wamhesabu msomaji wa Kumsenga miongoni mwa waamuzi. Lugha iliyokubali kubeba riwaya ya Kikerewe imeonyesha kwamba ina nafasi ya kubeba na ya Kiha, nayo haitapungukiwa. Hata hivyo deni lipo. Kitereza aliiandika kazi yake kwanza kwa lugha ya nyumbani, akaishi miaka thelathini na mitano bila kuiona imechapishwa kwa lugha yoyote. Muha atakayeandika vivyo hivyo asingojeshwe muda kama huo, na kitabu chake kitakapotoka kwa Kiswahili, kisipimwe kwa sikio moja tu.