José Goldemberg na hesabu ya miwa

Mwanafizikia wa nyuklia kuupinga hadharani mpango wa nyuklia wa serikali yake, tena ya kijeshi, si jambo dogo. José Goldemberg wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1928, alifanya hivyo nchi yake ilipotiliana saini mkataba wa nyuklia na Ujerumani Magharibi mwaka 1975.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa miwa. Brazil ilikuwa imeanza kuendesha magari kwa ethanoli, na wenye shaka waliuliza: je, nishati inayopatikana inazidi ile iliyotumika shambani na kiwandani? Mwaka 1978, katika jarida la Science, yeye na wenzake walionyesha kwamba inazidi. Jibu lilikuwa kwenye makapi. Muwa ukishakamuliwa, makapi huchomwa tanurini, maji yakachemka, mvuke ukaendesha kiwanda kizima.

Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha São Paulo, akawa waziri wa elimu. Aliposimamia mazingira katika jimbo la São Paulo, 2002 hadi 2006, jimbo lilikuwa limeanza kukomesha hatua kwa hatua uchomaji wa mashamba ya miwa, ambao moshi wake uliwasumbua wakazi kila msimu wa mavuno.