Kubisha Hodi Mlimani

Matamasha ya sanaa yaliyo mashuhuri nchini Tanzania ni wana wa bahari. Tamasha la Bagamoyo lilianzishwa mwaka 1982 na Chuo cha Sanaa cha mji huo. Tamasha la Nchi za Jahazi likafuata Unguja mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004. Yote yamelelewa na pwani, na hayo mawili ya Unguja yamekulia ndani ya kuta za Ngome Kongwe, zinazoirudisha sauti kwa msikilizaji kabla haijapotea baharini. Kwa mpenzi wa ushairi aliyezoea kuta hizo, fikra ya kuipandisha sanaa ya majaribio milimani huzusha suali moja: itajaribu nini huko ambacho haiwezi kukijaribu bandarini?

Jibu la haraka ni mandhari, nalo halitoshi. Jaribio, katika fani yoyote ile, ni tendo linaloweza kukataliwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, akaacha vina na mizani, walikuwapo waliosema kuwa yale si mashairi. Mabishano yalikuwa makali, lakini ndiyo yaliyoipa kazi yake uzito, kwa kuwa mshairi alikuwa na wa kumkatalia. Mlima unaotumiwa kama pazia la nyuma haumkatalii msanii neno lolote. Mchezo huohuo ungeweza kuchezwa Dar es Salaam mbele ya picha kubwa ya mlima, na kisipungue kitu isipokuwa baridi.

Mlima uliokataa kuwa pazia upo Goma, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya jukwaa. Mji huo umelala chini ya Nyiragongo, volkano iliyomwaga moto wake hadi katikati ya mitaa Januari 2002. Juu ya lava iliyoganda watu walijenga upya, na kituo cha Yole!Africa kikaanzisha tamasha la Salaam Kivu, la filamu na sanaa nyinginezo. Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa, likafunguliwa Tamasha la Amani. Volkano ililipuka tena Mei 2021, na Januari 2025 M23 wakauteka mji. Katika mahali kama hapo, kupanga tarehe ya onyesho peke yake ni jaribio, na mhakiki anayezipima kazi za Goma bila ya kulijua hilo atazipima nusu.

Njombe haina volkano wala vita, na hapana anayepaswa kuzitamani kwa ajili ya sanaa. Ina wenyewe. Msafiri wa pwani anayepanda reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, hutoka Mlimba kwa madaraja na njia zilizotobolewa ndani ya milima mpaka Makambako, mji wa njia panda. Barabara moja huendelea Mbeya. Nyingine huelekea Songea kupitia Njombe, kilomita zipatazo 60 mbele. Hapo, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndipo nchi ya Wabena, yenye chai, miwati na viazi, na baridi ya Juni na Julai inayokaza vidole vya mpiga zeze.

Katika nchi hiyo yamo mapango ya Nyumba Nitu, maana yake nyumba nyeusi. Masimulizi ya Wabena yanasema kuwa watu walijificha humo wakati wa vita na Wahehe, na kuwa humo wanaishi kuku weusi. Mgeni huongozwa na wenyeji, hajipeleki. Huo tayari ni utaratibu wa jukwaa: upo mlango, lipo giza, kipo kimya, na yupo anayejua lini kusemwe neno. Msanii atakayeingia na taa na vipaza sauti bila ya kubisha hodi atakuwa ameuvunja mchezo ulio bora kuliko wake. Akibisha, akaambiwa kuwa hapo sipo, basi jaribio lake limeanza.

Mtihani mgumu zaidi uko Yakobi. Septemba 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kibena waliishambulia misheni ya Kilutheri iliyokuwapo hapo, wakashindwa. Ebrahim Hussein aliiandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na wasomaji wa pwani wamezoea kuisoma kama kisa cha bonde la Rufiji. Ikichezwa Yakobi, neno lile la maji litakuwa limefika lilikofika kweli, mbele ya watu ambao mababu zao walibeba mikuki na ambao leo wengi wao husali katika kanisa la Kilutheri. Mhusika mkuu hukataa hadi mwisho kutamka kuwa maji yalikuwa uongo. Ukumbini Dar es Salaam kauli hiyo hupigiwa makofi. Yakobi huenda ikapokewa kwa kimya, au kwa mzee kuinuka na kujibu kwa Kibena, nje ya maandishi ya mwandishi.

Mzee huyo akiombwa akae ili mchezo uendelee, tamasha litakuwa limeukodi mlima tu. Waigizaji wakinyamaza, wakamsikiliza, na usiku wa pili wakaupanga upya mchezo kwa sababu ya maneno yake, hapo itakuwa imepatikana sanaa ambayo kuta za Ngome Kongwe, kwa uzuri wao wote, haziwezi kuizaa. Kazi ya namna hiyo inastahili safari ya kutoka Unguja, pamoja na baridi yake.