Kongwa, Toyota na gharama ya kuchelewa kujua

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa inaachana na Mpango wa Karanga wa Tanganyika, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kwa hasara ya mlipakodi wa huko. Mei ya mwaka huohuo kampuni ya Toyota ya Japani, ambayo mwaka uliotangulia ilinusurika kufilisika, ilianzisha utaratibu wa kupokea mapendekezo ya kuboresha kazi kutoka kwa wafanyakazi wake. Matukio hayo hayahusiani hata kidogo. Hata hivyo, anayetaka kuielewa Kaizen, falsafa ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, akiwa Mlali, au kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Kongwa, atafaidika akiyatazama kwa pamoja, kwani moja lilifanyika kwenye ardhi anayoilima. Kaizen tumezoea kufundishwa kama usafi wa ofisi na upangaji wa makabati. Kwa maoni yangu kiini chake kiko kwingine: ni kufupisha muda kati ya kosa kutokea na mwenye uwezo wa kulirekebisha kulijua. Upotevu wa fedha, vifaa na nguvu za watu huzaliwa ndani ya muda huo.

Tuanze na karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula ulioikabili Uingereza baada ya vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulikaa Afrika wiki 9, sehemu ya muda huo ukiikagua nchi kwa ndege. Ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yakiwa Tanganyika. Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa kufyeka ekari 150,000, na Kongwa ndiyo iliyotangulia. Tazama ukubwa wa kipimo chenyewe: sehemu ndogo kabisa ya mpango ilikuwa ekari 30,000. Shamba la majaribio la ekari chache, la kujaribu udongo, mbegu na jembe kwa misimu miwili, halikuwamo, kwa hoja kwamba muda hautoshi. Kumbukumbu za mvua za Kongwa penyewe zilikuwa haba. Wagogo, walioishi hapo vizazi na vizazi wakilima uwele na mtama kwa sababu wanaijua mvua yao, hawakuwa na kiti kwenye meza ya maamuzi.

Makosa hayakukawia kujitokeza, tena waziwazi. Matrekta na matingatinga yaliyonunuliwa yalikuwa mengi ya mabaki ya vita, mengine yakitoka hadi Ufilipino, na kabla ya 1947 kwisha takriban theluthi mbili ya matrekta hayakuwa yakifanya kazi. Tingatinga liliangusha kichaka kwa urahisi, lakini mizizi ikabaki chini ikiwa mizima, na reki za chuma zilizoletwa kuing'oa zikapinda. Udongo wenyewe, mfinyanzi uliochanganyika na chembe kali za mchanga, ulisaga makali ya majembe kama tupa. Mvua zilipokatika, jua likaukausha ukawa mgumu kama tofali, na karanga zikanasa humo zisitoke. Mwishoni mwa msimu wa kwanza zilikuwa zimepandwa ekari 7,500 hivi. Mwaka 1949 walipogeukia alizeti, ukame ukaikumba.

Mwaka wa kwanza tu ungetosha kumfundisha mtu mwenye macho. Lakini fundi aliyeiona reki ikipinda hakuwa na mamlaka ya kusimamisha chochote. Taarifa ilipanda kutoka kambini hadi kwa meneja, ikavuka bahari hadi London, kwenye Overseas Food Corporation iliyoupokea mpango mwaka 1948, ikaishia mezani kwa Waziri wa Chakula John Strachey, ambaye tayari alikuwa amelitetea jambo hilo bungeni na kila mwezi uliopita ulimzidishia ugumu wa kurudi nyuma. Wakaguzi wa hesabu nao walilalamika kwamba vitabu havikutunzwa ipasavyo. Mpango mkubwa kiasi kile haukuweza kusema kwa uhakika ekari moja iliyofyekwa iligharimu kiasi gani. Usipojua gharama ya ekari ya leo, utajuaje kama ya kesho ina nafuu?

Na ubunifu haukukosekana Kongwa. Watu wa kazini waligundua kwamba mnyororo mnene wa nanga ya meli, ukifungwa kati ya matingatinga mawili yanayokwenda sambamba, huangusha kichaka kwa kasi kuliko kutumia tingatinga mojamoja. Inasimuliwa kwamba London ilipopokea agizo la minyororo ya nanga kwa shamba lililo bara kabisa, ilidhani ni mzaha. Kama kisa hicho kimetiwa chumvi, chumvi hiyo inafaa chakula chenyewe. Akili ilikuwepo, tena palepale kwenye vumbi. Njia ya kuifikisha panapoamuliwa mambo ndiyo haikuwepo.

Japani ya miaka hiyohiyo ilikuwa na shida kuzidi Uingereza. Toyota ilikosa mtaji wa kununua mitambo mingi na kujaza maghala vipuri. Mwaka 1950 ilipunguza wafanyakazi, kukawa na mgomo, na mwasisi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Baba yake, Sakichi, alikuwa ametengeneza mtambo wa kufuma nguo unaosimama wenyewe uzi ukikatika. Uzito wa jambo hilo hauonekani upesi. Mtambo wa kawaida uzi ukikatika huendelea kufuma, na kitambaa kibovu kinaongezeka mita kwa mita mpaka mtu apite akione. Mtambo wa Sakichi kasoro yake haizidi uzi mmoja. Taiichi Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana ya mashine kampuni ilipokuwa katika hali hiyo, aliihamishia kanuni hiyo kwa binadamu, na hatimaye mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari wa kuunganisha magari akawa na kamba ya kuvuta anapoona tatizo. Msimamizi anakuja hapohapo. Tatizo lisipotatuliwa, mstari unasimama. Kongwa fundi angevuta kamba ipi?

Msomaji makini atapinga: mpango uliuawa na ukame na udongo, na hakuna mbinu ya Kijapani inayoteremsha mvua. Ni kweli, na sidai kwamba Kaizen ingezalisha karanga Kongwa kwa wingi ule. Nadai kwamba ukame na mfinyanzi vilikuwepo mwaka 1946 kama vilivyokuwepo 1951, na shamba la ekari 50 lingevitangaza kwa bei ndogo. Faida ya kujaribu kidogo kidogo mara nyingi ni kushindwa mapema, kabla fedha hazijageuka heshima ya waziri. Hoja ya dharura nayo ilikuwa na uzito, kwani Waingereza walikuwa wakigawiwa mafuta kwa vipimo. Lakini haraka iliyokataa miaka miwili ya majaribio ilikula zaidi ya miaka minne, na mafuta hayakupatikana.

Hapa kwetu Kaizen iliingia kwa mlango wa hospitali. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani, na kwa kuiga uzoefu wa Sri Lanka, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mfumo wa S tano, nao ukasambazwa kwenye hospitali nyingine: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Si jambo dogo. Dawa ikiwekwa mahali pamoja panapojulikana, muuguzi wa zamu ya usiku haitafuti kwa tochi mgonjwa akisubiri. Ila nina shaka na namna tunavyozoea kuusimamia mfumo huu: rangi za mistari sakafuni, mabango ukutani, picha za kabla na baada zikingoja wageni. Stoo inaweza kung'aa na bado dawa ileile ikaisha kila robo ya mwaka, kwa sababu mtu anayeona kopo linakaribia kwisha si yule anayesaini oda, na hakuna anayewakutanisha. Hapo umbali wa Kongwa na London umejirudia ndani ya jengo moja.

Wako watakaosema shamba si kiwanda. Mstari wa magari hurudia kazi ileile mara mamia kwa siku, ilhali mkulima wa Mlali ana msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na akikosea anasubiri mwaka. Pingamizi hili ndilo gumu zaidi, na kwa upande wa mvua nalikubali. Lakini msimu mmoja unaweza kubeba majaribio kadhaa kama shamba litagawanywa: kipande chenye matuta ya kufunga maji, kipande kisicho nayo, kipande cha mahindi yaliyochanganywa na mbaazi. Majaribio ya namna hiyo yamefanyika Kongwa na Kiteto kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Kisha iko kazi baada ya mavuno, ambayo hurudiwa siku baada ya siku kwa wiki nyingi, na hapo mantiki ya kiwandani inaingia bila kulazimishwa.

Chukua karanga zilezile. Sumukuvu huletwa na kuvu, na kuvu hupenda unyevu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumu hiyo kutokana na mahindi. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Karanga nazo zinashambuliwa vilevile. Shehena ikikataliwa sokoni, wa kwanza kulaumiwa ni ghala, na suluhisho linalotajwa ni kujenga jingine. Ohno angetaka tuulize kwa nini, tena na tena. Kwa nini zina kuvu? Zilikuwa na unyevu. Kwa nini, ilhali zilianikwa vizuri? Zililoweshwa maganda kabla ya kupukuchuliwa. Kwa nini zililoweshwa? Ganda kavu linaumiza vidole, na anayepukuchua, mara nyingi mwanamke akisaidiwa na watoto, ana magunia ya kumaliza. Kwa nini anatumia vidole? Hakuna mashine ya kupukuchulia iliyo karibu. Kosa lilizaliwa uani, kwenye beseni la maji, miezi kadhaa kabla mnunuzi hajalikuta, na anayelipa gharama ya kukataliwa hakuwahi kuambiwa lilikoanzia. Mashine ndogo ya kuzungushwa kwa mkono, inayotumiwa na kikundi, ni nafuu kuliko ghala jipya, na inaondoa chanzo.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wazee, na naliheshimu kuliko yote. Mafundisho haya huita akiba upotevu: kitu kilichokaa stoo ni fedha iliyolala. Ugogo hauwezi kukubali hivyo. Nchi iliyopitia njaa ya Mtunya baada ya Vita Kuu ya Kwanza inajua kuwa kihenge cha mtama ni bima, na kuuza kila gunia wakati wa mavuno kwa sababu kitabu kimesema akiba ni mbaya ni kujitafutia balaa. Toyota yenyewe iliona hivyo: baada ya tetemeko la ardhi la Japani la 2011 iliwataka wauzaji wake watunze akiba ya miezi kadhaa ya vipuri vya kielektroniki vinavyoitwa chipu, na uhaba wa chipu ulipoikumba dunia mwaka 2021, kwa miezi ya mwanzo ilistahimili kuliko washindani wengi. Akiba inapimwa kwa hatari inayoikabili. Kwa kihenge cha Mlali, basi, swali la Kaizen haliwi magunia mangapi yapunguzwe. Linakuwa gunia lipi liliingia lini, lilikuwa kavu kiasi gani, na nani hulifungua kulikagua kila mwezi, ili wadudu na kuvu wasije wakagunduliwa Februari, wakati hakuna kingine cha kula.