Zilipendwa za kichwani: kazi iko kwenye msingi

Tuseme sendofu iko Busi, wilayani Kondoa, na bibi harusi mtarajiwa ametaka shughuli ya zilipendwa: gauni za marinda, nyimbo za NUTA Jazz na vichwa vya miaka ya 1960. Wapambe ni wanne, msusi mmoja, na wawili kati ya wapambe hao wametoka kumaliza kidato cha nne. Wasichana wa shule za serikali hukaa na nywele fupi miaka yote ya masomo, na mitindo ya zama zile inataka kimo. Bila nywele za kuongezea, hakuna kitakachosimama.

Jibu la haraka ni wigi. Mimi silipendi kwa kazi hii, na sababu iko kwenye paji la uso. Wigi la bei ya kawaida lina mstari wa mbele ulionyooka na mnene kupita kiasi, na picha ya kwanza tu humwumbua aliyelivaa. Kipande cha nywele za kuongezea kinachokaa utosini huacha nywele za mwenyewe zionekane mbele na pembeni, na mtazamaji akishaziona hizo huziamini na zilizobaki. Msusi naye hapati shida ya kujenga kichwa kizima. Anajenga sehemu moja na kuiunganisha vizuri.

Kuunganisha kunadai msingi, na msingi haufanywi asubuhi ya shughuli. Usiku wa kuamkia, nywele zilizooshwa na kupakwa mafuta hugawanywa mafungu na kuzungushiwa uzi mweusi kuanzia shinani hadi nchani. Uzi hapo unafanya kazi ya pasi, bila moto wala umeme. Kukicha, ukifunguliwa, nywele za kipilipili zimenyooka kiasi cha kuchanwa na kubanwa. Zikiwa fupi kiasi cha kuukimbia uzi, husukwa mistari myembamba kama ya twende kilioni, ila yote huelekezwa utosini. Aliyenyoa juzi avae kilemba. Hakuna pini inayoshika ngozi.

Afro ndiyo nyepesi kuliko zote. Kipande chake huwa kimeshonewa kwenye wavu wenye kamba pembeni na vichanuo vidogo ndani. Nywele za mwenyewe hubanwa juu kwa mpira laini, kipande huvikwa juu ya fungu hilo, kichanuo cha mbele huchomekwa kwanza, kisha cha nyuma, halafu kamba huvutwa na kufichwa. Wasusi wengi huishia hapo, na ndiyo maana kipande hukaa kama kofia ya kuazima. Zinabaki dakika chache zenye thamani kuliko zote: kuchomoa kwa ncha ya chanuo nywele kidogo za mwenyewe pande zote, kuzichanganya na za kipande, kisha kupunguza kwa mkasi zilizochomoza mpaka duara lipatikane. Pini zichomekwe mbili mbili zikipishana, kwa sababu pini ya peke yake hutoka mtu anapocheza.

Kasoro nyingine ni mng'ao. Nyuzi za viwandani hung'aa kuliko nywele za mtu, na kwenye jua la Kondoa zinasema wazi zilikotoka. Poda kidogo ya watoto, ikipakwa na kuchanwa hadi iishe, hupunguza mng'ao huo. Kama kipande kinawasha, kilowekwe kwenye maji yenye siki siku moja au mbili kabla ya sherehe, kisuuzwe na kuanikwa kivulini.

Mtindo wa mzinga wa nyuki una mwenyewe: Margaret Vinci Heldt, msusi wa Chicago, aliyeubuni mwaka 1960 kwa ajili ya jarida la wasusi, akianzia kwenye umbo la kofia yake ndogo iliyofanana na tarbushi. Wazungu huufikia kwa kutimua nywele na kuzipulizia dawa ya kuzigandisha. Zetu zina ujazo wake, hazina haja ya kuteswa hivyo. Zinachohitaji ni nguzo. Chukua soksi nyeusi kuukuu, ijaze mabaki ya rasta, ifunge, kisha ishonee kwa sindano na uzi kwenye mistari ya utosini. Juu yake pitisha rasta iliyochanwa mpaka ikalainika, kutoka mbele kwenda kisogoni, na ncha zifichwe chini. Ncha hizo zilazwe kwa maji ya moto ya chupa ya chai. Kiberiti kiachwe jikoni, maana rasta huyeyuka. Wanawake wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 walijaza vivyo hivyo, kwa nywele zao wenyewe zilizonasa kwenye kitana.

Nyanda za kati nazo zina historia yake. Cameron, Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1873, aliandika kwamba Wagogo walisokota nywele kuwa nyuzi nyembamba nyingi na kuzirefusha kwa nyuzi za mbuyu. Miaka isiyofika mia moja baadaye, vijana wa TANU walitangaza vita dhidi ya vimini, wigi na mikorogo, ianze Januari 1, 1969, wakivihesabu vyote kuwa uzungu. Juni 2019 likaja jambo jingine: bajeti iliyosomwa bungeni Dodoma iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa wigi na nywele bandia kutoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Kipande hutumia nywele chache kuliko wigi zima, kwa hiyo hata mfukoni ndicho kinachofaa.

Kondoa ina Waislamu wengi, na hadithi ya Mtume inayokemea kuunganisha nywele inajulikana. Baadhi ya wanazuoni hutofautisha nywele na uzi wa rangi usiofanana nazo. Msusi mwenye adabu huuliza kwanza. Akiambiwa hapana, uzi wa jana usiku ubaki kichwani, usukwe vizuri zaidi. Bibi zetu walikwenda nao harusini, nao ni zilipendwa halisi.

Na bei ipangwe kwa haki. Mteja huona nusu saa ya asubuhi na kudhani ndiyo kazi yote. Msusi, taja malipo ya usiku wa uzi kabla hujaanza kusuka.