Syd Barrett: Kichaa au Msomaji?

Katika mijadala yetu ya bwenini, jina la Syd Barrett likitajwa tu, hadithi ni ile ile: eti alikuwa mpiga gitaa wa Pink Floyd aliyebugia LSD mpaka akili ikaruka. Watu wanacheka, mjadala umekwisha. Mimi mwenyewe nimewahi kuisimulia hivyo, tena kwa mbwembwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa masimulizi hayo, hata kama yana ukweli ndani yake, ni uhakiki mbovu.

Tuanze na maisha yake kwa ufupi. Roger Keith Barrett alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Januari 1946, akasomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Camberwell, London. Jina la bendi alilipata kwa kuunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn (1967), ina nyimbo 11, na 8 kati ya hizo alizitunga peke yake. Januari 1968, wenzake wakiwa njiani kwenda kupiga muziki, waliamua wasimpitie. Basi, ndiyo ikawa kwaheri. Mwaka 1970 zilitoka albamu zake mbili, The Madcap Laughs na Barrett. Baadaye alirudi Cambridge, akaishi kimya akichora, hadi alipofariki Julai 2006 akiwa na miaka 60.

Sasa hebu tuangalie fani. Jamaa huyu aliburuza kiberiti cha chuma juu ya nyuzi za gitaa, sauti akaipitisha kwenye mashine ya mwangwi. Wengi huita huo ukichaa. Kwa maoni yangu ni mkono wa mchoraji: sauti kwake ni rangi ya kupakwa, si noti za kuhesabiwa.

Tukija kwenye matini, ushahidi ni mzito zaidi. Jina la albamu ya 1967 limetoka kwenye sura moja ya The Wind in the Willows ya Kenneth Grahame (1908). "Chapter 24" imejengwa juu ya I Ching, kitabu cha kale cha Wachina. "Matilda Mother" mwanzoni ilitumia beti za Hilaire Belloc. Wenye haki walipokataa, Barrett akaandika maneno yake mwenyewe. "Golden Hair" ni shairi la James Joyce, kutoka Chamber Music (1907), alilolitilia muziki. Ndugu msomaji, huyu ni mtu aliyesoma. Mwandishi mwingine akifanya hivi tunasema mwingilianomatini, tunampa maksi. Kwa nini Barrett tumpe pole?

Hata "Jugband Blues", wimbo wake wa mwisho katika albamu za bendi hiyo, una kejeli iliyopimwa: msemaji anawashukuru wenzake kwa adabu zote huku akidokeza kwamba yeye hayupo. Anayeweza kuandika kutokuwepo kwake kwa ustadi huo, bado yupo.

Lakini tusidanganyane. Katika "If It's in You" tunamsikia akianza, sauti inamkwama, anaanza tena. Waliosimamia kazi hiyo waliyaacha makosa hayo kwenye sahani. Hapo hoja yangu inayumba, kwa sababu hiyo si fani tena; ni mtu anayehangaika. Nikisema ni ubunifu, nitakuwa nimeyageuza maumivu yake kuwa pambo.

Tarehe 5 Juni 1975 Pink Floyd walikuwa studio za Abbey Road wakitengeneza Wish You Were Here, albamu ambayo ndani yake mna wimbo mrefu unaomhusu yeye. Akaingia mtu mnene, amenyoa kichwa na nyusi. Ilichukua muda mpaka walipomtambua kuwa ni Barrett. Nadhani nasi wahakiki tumekaa studio ile: tunamwimba kichaa tuliyemtunga, huku mwenyewe amesimama mlangoni.

Ugonjwa wa mtu si kipaji chake, wala haufuti kazi aliyoifanya. Tuisome kazi kwanza. Kicheko, kama bado kitakuwepo, kije baadaye.